Tunapoombea Amani ya Juba, Tunaomba Nini?

Somo: Yona 4; Luka 10:25-37; Obadia 1:10-14



Katika maombi ya Jumatano kuna kipengele cha mataifa, na mpangilio wake mnaujua. Tunaanza na Israeli. Tunakuja Kenya, tunaombea rais, gavana na mvua. Halafu, saa ikiwa imeyoyoma na watoto wamelala kwenye mikeka, mtu anamalizia, "Na majirani zetu pia, Bwana, uwakumbuke," nasi tunaitika Amina na kuanza kutafuta viatu. Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa idara ya vijana alinifuata nje akaniuliza, "Pasta, kwani sisi tunajali kweli hii vita ya Sudan Kusini, ama tunaitaja tu?"

Nilimwambia anipe muda. Hili ndilo jibu langu, na kwa kuwa linatugusa wote nimeomba nafasi nilichapishe hapa.

Kwanza, maneno "nchi ya kigeni" yana shida hapa kwetu. Mtu wa Nairobi akisikia Juba anafikiria ndege. Sisi tunafikiria barabara. Ukitoka hapa Lodwar unafika Kakuma baada ya kilomita kama 120, unaendelea hadi Lokichoggio, kisha Nadapal, na hapo umeshafika mpakani. Ng'ambo unawakuta Watoposa, na mzee wa Kiturkana ambaye hajui neno moja la Kiingereza anaweza kuketi nao chini ya mti wakaongea na kusikizana, maana lugha ni kama moja. Mpaka uliwekwa na watu waliokuwa na ramani, si na mifugo. Ni kweli pia kwamba tumeibiana ng'ombe na kuuana na Watoposa hao hao. Undugu haujawahi kuzuia hilo, na Biblia iliyoanza na Kaini na Habili haishangai.

Na si barabara tu. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka Ethiopia, maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa kambini kule walilazimika kukimbia. Walitembea kwa miguu kurudi Sudan, vita vikawafukuza tena, na mwaka 1992 wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio. Kambi ya Kakuma ilianza kwa ajili yao. Kijana aliyeniuliza swali alikuwa hajazaliwa. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu wanaokaribia laki tatu, wengi wao kutoka Sudan Kusini, wengine Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na Sudan. Baadhi yao tunaabudu nao. Wanaketi viti vya nyuma upande wa kulia, na wanapiga ngoma kutushinda.

Sasa wacha nieleze kwa ufupi kilichotokea huko kwao, maana kuombea kitu usichokijua ni kazi ngumu. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ambayo karibu asilimia 99 walitaka kujitenga. Miaka miwili na nusu baadaye, Desemba 2013, risasi zilianza Juba kati ya watu wa Rais Salva Kiir na wa Riek Machar, aliyekuwa makamu wake kabla ya kufutwa kazi. Mapatano yakawekwa 2015, yakavunjika Julai 2016. Yakawekwa mengine Septemba 2018, serikali ya pamoja ikaundwa Februari 2020. Uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba mwaka huo akafunguliwa mashtaka. Juu yao kaskazini, Sudan ile nyingine nayo ikawaka tarehe 15 Aprili 2023, majenerali wawili wakigombania nchi, na wakimbizi wa Khartoum wakakimbilia Sudan Kusini ambayo yenyewe haijatulia. Sitasema nani ana haki. Nataka tu tuwe tunajua tunamtajia Mungu nini.

Je, tunajali? Kuna namna ya kujali ambayo tunayo nyingi sana. Oktoba 2025 Tanzania walipopiga kura, mitaa ikachafuka na intaneti ikazimwa, kwenye simu zetu hapa Kanamkemer hakukuwa na habari nyingine kwa siku kadhaa. Nawajua watu wa boda boda hapa stejini wanaoweza kukueleza kombora la Iran linafika umbali gani. Sisemi ni vibaya. Lakini hiyo ni kujali kunakofuata picha. Picha zikiisha, nako kunaisha, na hakuna chochote ndani yetu kilichosogea. Sudan Kusini haina picha mpya kila siku. Ina watu wanaokuja na gunia, wamenyamaza.

Namna ya pili ya kujali ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kitu kimoja kilichobaki kichwani ni kuuliza kila mara: hapa nani analipa, na nani analipwa? Ukiuliza swali hilo kuhusu vita vya Sudan, unafika mahali pasipopendeza.

Chukua Lokichoggio. Kuanzia mwaka 1989 Umoja wa Mataifa na mashirika mengi walifanya mji ule kituo cha kupeleka chakula Sudan ya kusini. Ndege zilipaa kutwa. Msalaba Mwekundu walikuwa na hospitali pale Lopiding, ambako waliojeruhiwa vitani waliletwa kupasuliwa na kufungwa miguu ya bandia. Watu wetu wakapata kazi: upishi, ulinzi, udereva, kupakia mizigo, kufua. Watoto walisomeshwa kwa pesa hiyo, wengine ni walimu na maofisa leo. Halafu tarehe 9 Januari 2005 mapatano ya amani yakatiwa sahihi Nairobi. Vita vilivyochukua zaidi ya miaka ishirini vikafika mwisho. Mashirika yakafunga virago yakaenda Juba. Kambi zao zikabaki na miti na mlinzi mmoja.

Muulize mtu wa Loki mwenye umri wa kukumbuka, mwaka 2005 kulitokea nini. Wengi hawaanzi kwa kusema "vita iliisha." Wanaanza kwa kusema "kazi iliisha."

Simlaumu mtu huyo. Mimi mwenyewe ningekuwa na familia ya kulisha Loki mwaka ule, sijui ningeanza na sentensi ipi. Lakini hebu tukae na jambo hili kidogo. Mji wa watu wanaomjua Mungu ulipata habari kwamba jirani ameacha kuuawa, na ukaipokea kama msiba.

Kakuma nayo ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2018 tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara za watu binafsi lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba soko la Kakuma lina thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Pesa hiyo haibaki kambini. Inashuka hapa Lodwar kwa njia ya malori, hoteli, nyumba za kupangisha, ajira za mashirika, mbuzi, samaki, makaa. Mnaijua. Baadhi ya sadaka zinazoezeka kanisa hili zimepitia huko, na huo ni ukweli ambao hatuuhubiri. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, posho ya chakula Kakuma ikapunguzwa, mwezi Machi wakimbizi wakaandamana, na hapa Lodwar nikaanza kusikia swali nisilolizoea: "Pasta, kwani hawa watu wataondoka?" Lilikuwa na hofu ndani yake. Nilitamani sana iwe ni hofu kwa ajili yao.

Baada ya maombi ya Jumatano moja mzee wa kanisa, mtu wa heshima na mtoaji, alinivuta kando. Ana lori lililochukuliwa kwa mkopo wa benki, na linabeba mizigo kwenda Kakuma. Akasema, "Pasta, mimi sitaki kumdanganya Mungu. Lori iko na loni. Nikiomba amani Sudan, watu wakarudi kwao, lori inasimama. Sasa niombe nini?"

Nimesikia maungamo mengi ofisini, lakini sijawahi kusikia swali la maombi lililo wazi kama hilo. Wengi wetu tunaitika Amina kwa sababu hatujapiga hesabu yake. Yeye alikuwa ameipiga.

Nilimpeleka kwanza kwa Yona, sura ya nne.

Yona alitumwa Ninawi, mji wa kigeni, tena mji wa maadui wa taifa lake. Akahubiri, mji ukatubu, Mungu akauachilia. Mhubiri akakasirika. Akatoka nje ya mji, akajijengea kibanda, akaketi aone mji utapatwa na nini. Angalieni mahali alipoketi. Hakwenda zake. Anafuatilia. Ungemuuliza kama anajali mambo ya Ninawi angekwambia anajali sana, ndiyo maana yuko pale anatazama. Kisha Mungu akaotesha mtango, ukampa kivuli, na Yona akafurahi mno. Sioni mahali pengine katika kitabu hicho ambapo tunaambiwa alifurahi. Kesho yake mdudu akautafuna, ukakauka, jua likampiga kichwani na upepo wa moto ukavuma, na mtumishi wa Mungu akasema heri afe.

Mtu wa Lodwar anaielewa sura hii bila mafafanuzi. Kivuli saa nane mchana si anasa. Na Mungu, mkisoma vizuri, hakumgombeza Yona kwa kupenda kivuli. Alimwonyesha tu kwamba huruma anayo, na ni nyingi, ila imeelekea mmea. Wewe unauhurumia mtango ambao hukuupanda wala kuutolea jasho, nami nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu? Na wanyama wengi pia, anaongeza Bwana. Mturkana anayesoma mstari huo hutabasamu, maana Mungu amehesabu mifugo.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wangu ni hili: ndiyo, tunajali. Tunajali sana. Lakini kitazame kile kinachotufurahisha na kile kinachotufanya tuseme heri tufe, ndipo utajua tunajali Ninawi au mtango.

Hapo kuna dada mmoja wa kanisa alinipinga, na ninataka kumpa nafasi yake kwa sababu hakukosea kusema. Alikuwa karibu na machozi. "Pasta, ule ukame mvua ilikataa misimu mitano ikifuatana, mbuzi zetu ziliisha. Nilikuwa nasimama hapa barabarani naona lori za chakula zinapita zinaenda Kakuma. Watoto wangu wanaangalia. Leo unaniambia nihurumie Juba?"

Sikubishana naye. Malalamiko hayo yana msingi, na yeyote aliyeishi hapa kati ya 2020 na 2023 anajua mizoga ilikuwa mingapi. Ni vigumu kumwomba mwenye njaa amlilie aliye na kadi ya chakula. Kalobeyei ilipoanzishwa mwaka 2016 ilikusudiwa iwe mahali ambapo mgeni na mwenyeji wanatumia shule na zahanati pamoja, na kukusudia hivyo kulikuwa ni kukiri kwamba kilio cha wenyeji kilikuwa cha kweli. Lakini nilimuuliza dada yangu jambo moja: yule mama aliyeacha nyumba yake Malakal au Bor, akafika Kakuma na watoto wawili kati ya wanne, ndiye aliyeamua lori lipite bila kusimama? Hapana. Yeye naye alikuwa anaangalia lori, tofauti ni kwamba lilisimama kwake. Hasira yetu ina haki ya kuwapo. Haina haki ya kuchagua mtu wa karibu kwa sababu tu ni wa karibu. Dada hakunijibu. Sidhani amekubali, na tunaendelea kusalimiana vizuri.

Narudi kwa mzee na lori lake.

Mfano wa Msamaria tunaujua hadi tunauzoea. Katika mahubiri mengi tunamtazama kuhani, Mlawi na Msamaria, basi. Mimi, labda kwa sababu ya masomo yangu, humtazama mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfikisha majeruhi kwake, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Sasa fikirieni. Mtu huyu aliingiza pesa siku hiyo kwa sababu wanyang'anyi walimpiga mtu barabarani. Bila rungu lao, kitanda kile kingelala kitupu. Je, Yesu alimlaumu? Hata kidogo. Pesa aliyopokea ilikuwa halali: alitoa chumba, maji, na usiku wa kukesha. Nani atauguza majeruhi kama kila mwenye kitanda anaona haya kulipwa?

Swali liko kwingine. Usiku ule, taa ikiwa imezimwa, mwenye nyumba ya wageni alitaka barabara ya Yeriko iwe salama, ama hakutaka? Luka hatuambii. Kama alitaka iwe salama, hata kama vitanda vyake vingekaa vitupu mwaka mzima, alikuwa mshirika wa Msamaria. Kama alitamani wanyang'anyi waendelee kukaa porini, basi alikuwa mshirika wa wanyang'anyi, ingawa hakuwahi kushika rungu, na ingawa alimgeuza mgonjwa kwa upole na kumpa uji.

Nilimwambia mzee: lori lako si dhambi. Chakula unachobeba kinaliwa na watu. Endesha, lipa benki, leta fungu la kumi. Lakini barabara ya Yeriko iombee iwe salama, kwa jina, kwa sauti, huku ukijua bei yake. Maombi ambayo hayawezi kukugharimu kitu hata yakijibiwa, ni salamu tu hayo.

Najua mzee angefarijika kama ningemwonyesha kwamba amani inalipa pia. Hesabu hiyo ipo, naijua. Sudan Kusini iliyotulia itahitaji saruji, mabati, unga na samaki wa ziwa letu, na barabara ya kutoka Lodwar hadi Nadapal si ile ya zamani. Lori linaloenda Kakuma linaweza kuendelea hadi Kapoeta. Na mfanyabiashara mwenye busara aanze kufikiria hivyo mapema, maana Loki walishtukizwa. Lakini hesabu hiyo nilimpa baadaye, nikiwa mshauri wake wa biashara na si mchungaji, kwa sababu inaweza isitimie. Loki haikutimia. Na mtu anayeombea amani kwa sababu itamlipa bado ameketi chini ya mtango, amebadilisha aina tu.

Mama mmoja wa viti vya nyuma, wa kutoka Jonglei, alitusahihisha tulipokuwa tunapanga maombi haya. Ndugu mmoja alikuwa ameomba, kwa nia njema kabisa, kwamba Bwana awarudishe wakimbizi makwao. Mama akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kakuma, "Msiombe turudi. Ombeni kwanza kuwe na pa kurudi." Tofauti kati ya maombi hayo mawili ni kubwa. La kwanza linaweza kuwa ni kuwafukuza kwa jina la Yesu.

Kuna hatari moja zaidi, na hii inawahusu wale wanaosema hawana uwezo wa kufanya chochote kuhusu siasa za nchi nyingine. Someni Obadia, kitabu kifupi, sura moja. Mungu anashtaki Edomu, taifa jirani na ndugu wa Yakobo. Edomu haikuanzisha vita dhidi ya Yerusalemu. Ilisimama kando siku ile. Ikatazama. Kisha ikanyoosha mkono kwenye mali za waliopatwa na maafa, na ikasimama kwenye njia panda kuwakamata waliokuwa wanakimbia. Kusimama kando, kutazama, kuchukua, njia panda. Ni hatua fupi fupi.

Sisi tunaishi kwenye njia panda. Muuza duka anayeshika kadi ya chakula ya mkimbizi pamoja na namba yake ya siri kama rehani ya deni, ili mwezi ukifika achukue chote yeye, anajua kwamba yule mama hana duka lingine la kwenda. Anayenunua posho kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa na anataka nauli ya hospitali. Dereva anayemtoza mgeni mara tatu kutoka Loki kwa vile hajui bei. Mtu wa kizuizini anayemwona Mdinka mrefu kwenye matatu na kusikia harufu ya kitu kidogo. Hao hawana uwezo juu ya Juba, ni kweli, wala Edomu haikuwa na uwezo juu ya Babeli. Lakini katika mambo hayo manne kila mmoja ana uwezo wote, na hakuna haja ya kusubiri mkutano wa amani. Kama wewe ni mshirika wa kanisa hili na unashika kadi ya mtu, irudishe juma hili. Deni mtaongea.

Na hata lile la kusema hatuna uwezo si kweli kabisa. Mazungumzo yaliyozaa mapatano ya 2005 yaliongozwa na Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kule Machakos na Naivasha, miaka kadhaa ya kuketi na watu wasiotaka kuketi. Aprili 2019 Papa Francis aliwaita Kiir na Machar Roma, akapiga magoti, mzee wa miaka zaidi ya themanini, akawabusu miguu. Najua baadhi yenu mtaguna kwa sababu ya aliyefanya. Gunieni, lakini mniambie ni mhubiri gani wa kwetu mnayemwona akifanya vile mbele ya wakuu wasio wa nchi yake na wasio wa dini yake wote.

Tusisahau pia kwamba sisi tumewahi kuwa orodha ya maombi ya wengine. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste kama letu lilichomwa moto watu wakiwa wamejificha ndani, wengi wao wanawake na watoto. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika ghasia za miezi ile, na maelfu ya Wakenya walivuka mpaka wakawa wakimbizi Uganda. Wakimbizi, Wakenya. Kofi Annan wa Ghana akaja na kukaa hapa wiki nyingi, Rais Kikwete wa Tanzania akaja, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa sahihi. Hakuna aliyewalazimisha kujali. Mjomba wangu alifanya kazi na mashirika ya misaada huko Bonde la Ufa mwaka ule, na alilipwa vizuri, na nakumbuka alifurahi siku kazi ilipoisha.

Mzee wa lori alikuja Jumatano iliyofuata. Aliomba kwa Kiturkana, sauti ya chini, akamwita Akuj, akataja Juba, akataja benki. Sikusikia yote, na hayakuwa yangu kusikia.

Kuanzia mwezi huu kipengele cha mataifa kitakuja mwanzo, kabla watu hawajachoka, na Sudan Kusini itaombewa na watu wake wenyewe kwa lugha zao, sisi tukiitikia. Tunaanza saa kumi na moja jioni. Mwenye ndugu au rafiki huko ng'ambo alete jina lake kwenye karatasi, jina moja tu latosha. Wenye malori, maduka na nyumba za kupangisha waketi mbele.